Tukio Limeonekana

Nianze kwa kuisifu nchi, kama inavyotakiwa. Ni nchi safi, yenye barabara pana na bendera nyingi, na raia wake ni wanyoofu kiasi kwamba hata nchi yenyewe inaitwa Unyoofu. Sisi wageni tulipokewa vizuri sana. Mabaya yaliyotupata tulijitakia wenyewe kwa vinywa vyetu, na jambo hilo limethibitishwa mahakamani, kwa hiyo sina cha kubisha.

Lugha yao na yetu ni moja. Bwana aliyewatawala wao ndiye aliyetutawala sisi, na alipofunga mizigo yake alituachia sote lugha ileile, kila mmoja akaipunguza na kuishona kwa kimo chake. Ndiyo maana nilipohamia kule nilidhani nitajisikia nyumbani. Kumbe tofauti imejificha katika maneno madogomadogo, yale ambayo mtu huyasema bila kufikiri.

Juma langu la kwanza nilikuwa nakula chakula cha mchana bustanini, akapita bwana mmoja mwenye tai. Nikamwambia, "Karibu." Akaketi, akala wali nusu na nyama yote, akajifuta midomo, kisha akaniuliza kesho tutakula wapi. Siku nyingine nilitoka ofisini kwenda dukani, nikawaambia wenzangu, "Nakuja." Walisimama wakinitazama nikitokomea, na niliporudi nilikuta nimeandikiwa onyo kwa kutoa taarifa ya uongo kuhusu mwelekeo wangu. Nikimuaga mtu kwa kusema tutaonana, anatoa kalenda na kuniuliza lini, na kwa sababu gani.

Nilijifunza. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini mimi sikutaka kurejea, nilitaka kazi. Nilijifunza vizuri hata Wizara ya Maneno ya Kila Siku ikaniajiri niwafundishe wageni wenzangu waliokuwa wakiingia kutoka kwetu. Walianza kuniita Mwalimu Salha, wakanipa chumba chenye dirisha, na juu ya ubao wakatundika picha ya Kiongozi Mnyoofu akiwa ametazama mbele, mahali ambapo sisi wengine hatukuwa tunaona kitu.

Somo kubwa kuliko yote lilikuwa moja. Katika Unyoofu ipo Sheria ya Umiliki wa Balaa, na ina kifungu kimoja tu, ambacho watoto wa shule hukiimba kila asubuhi: Asemaye pole ndiye mwenye balaa.

Kwetu, kama mnavyojua, pole haina mwenyewe. Mtu akijikwaa, pole. Akitoka kazini, pole. Akifiwa, akiugua, akinyeshewa na mvua ya Mungu, pole, wala anayesema si yeye aliyeimwaga hiyo mvua. Naye anayeambiwa hujibu, "Asante, nimeshapoa," hata kama damu bado inamtoka. Katika Unyoofu, pole ni neno la mkosaji akikiri kosa lake. Na kwa kuwa hakuna mkosaji anayependa kukiri, neno lenyewe, nje ya wimbo ule, lilikuwa halijasikika tangu uhuru. Mitaro ilifurika, mishahara ilipotea njiani, daktari mmoja bingwa alisahau mkasi tumboni mwa mtu na kwenda kuutafuta kwa jirani yake. Makosa yalikuwapo. Wakosaji hawakuwapo.

Mahali pa pole waliweka maneno ya serikali. Ukimwona mtu ameumia unasimama wima, unaweka mikono nyuma, unasema, "Tukio limeonekana." Kisha unaendelea na safari yako. Niliwafundisha wanafunzi wangu hivyo, na wengi walifaulu.

Halafu akaja mdogo wangu Hamduni.

Hamduni ni kitinda mimba wetu, mwokaji mikate, mtu mzima mwenye ndevu zake, lakini moyo wake haukuwahi kuota ganda. Mama alinipigia simu siku Hamduni alipoondoka. "Salha," akasema, "nakupa huyu mzima kama alivyo. Nirudishie mzima." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, huku ni nchi ya sheria.

Nilikwenda kumpokea uwanja wa ndege. Nilimwona kwa mbali, yuko mbele ya afisa uhamiaji, anatabasamu. Afisa akachukua stepla abane karatasi zake, akajibana kidole.

"Lo! Pole sana, kaka!" akasema Hamduni, na akanyoosha mkono amshike kile kidole.

Ukumbi wote ukageuka kumtazama. Hata mikanda ya mizigo nadhani ilisimama. Afisa akamtazama kidogo, akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Unakiri?"

"Nakiri nini tena, kaka? Nakupa pole tu. Weka maji baridi hapo."

Kidole cha afisa uhamiaji kikawa balaa la kwanza la ndugu yangu katika nchi ile. Walimsamehe kwa ugeni, wakamgongea pasipoti muhuri mwekundu, wakamtakia makazi mema.

Nyumbani nilianza kumfundisha kabla hajafungua begi. Niliangusha sufuria mguuni mwangu makusudi. Nikajifinya kwa mlango. Nikajipiga kidole kwa mchi, na huo haukuwa mchezo, maana mchi ni mchi. Hamduni alikuwa anaziba mdomo kwa viganja viwili, machozi yanamlengalenga.

"Mikono nyuma," nikamwambia.

Akaweka mikono nyuma.

"Sema."

"Tukio limeonekana, dada," akasema kwa sauti ya mtu anayemeza mwiba, halafu akakimbilia jikoni kuniletea bakuli la maji na chumvi. Maji hayajakatazwa na sheria, lakini niliona bora nifunge pazia.

"Dada, hawa watu wakiumia wanakwenda wapi?" akaniuliza usiku ule tukila.

"Wanakwenda nyumbani kwao."

"Na huko nani anawapoza?"

Nilimwambia ale, chakula kinapoa.

Sasa nieleze habari ya Daraja la Mshikamano. Lilijengwa na shemeji yake Kiongozi Mnyoofu, na Kiongozi mwenyewe alilifungua kwa kukata utepe na kulitembea mpaka katikati, akageuka, kwa sababu za kiusalama. Siku ya soko kubwa daraja likalala mtoni, pamoja na wote waliokuwa juu yake. Tume iliundwa palepale. Ilichunguza kwa bidii na kutangaza kwamba daraja lilikuwa imara kabisa mpaka lilipoanguka.

Wakuu wote walifika ukingoni, wakaweka mikono nyuma, wakasema tukio limeonekana. Lakini safari hii maneno hayakutosha. Watu hawakutawanyika. Mmoja akauliza, "Nani?" Mwingine naye akauliza, "Nani?" Jioni ile gari la shemeji lilipigwa jiwe, na lile jiwe halikupata mwenyewe pia, kama ilivyo desturi ya nchi.

Juma lililofuata Waziri wa Maneno ya Kila Siku, Mheshimiwa Sawasawa, alikuja darasani kwangu. Alikuwa mtu mnene wa sauti laini, mwenye nishani hata kwenye koti la mvua. Alisimama nyuma, akawatazama wanafunzi wangu mmoja mmoja, kama mchinjaji anavyowatazama mbuzi mnadani.

"Mwalimu," akaniambia, "watu wenu ni wakarimu sana wa maneno."

"Tunajitahidi kuacha, Mheshimiwa."

"Msiharakishe," akasema. "Msiharakishe kuacha."

Nilifurahi kwamba tumesifiwa. Mgongo wangu ndio uliopata baridi, mimi mwenyewe nilifurahi.

Katika jengo letu, ghorofa ya chini yetu, aliishi Bibi Redenta, mjane. Mwanawe Fanueli alikuwa anauza matikiti maji, na siku ya soko alikuwa katikati ya daraja na mkokoteni wake. Waliuleta mkokoteni. Fanueli hawakumwona. Bibi Redenta akawa anakaa kwenye ngazi, mkono mmoja juu ya gurudumu la ule mkokoteni, na sisi wapangaji tulipopita tulisimama, tukaweka mikono nyuma, tukasema tukio limeonekana. Yeye aliitikia kwa kichwa. Macho yake yalikuwa makavu, na mimi nilipita pale asubuhi na jioni nikijisifu moyoni kwamba sijakosea hata mara moja.

Hamduni alikuwa anapita ngazi za nyuma. Alikuwa amejitungia njia yake ili asimwone, akiogopa mdomo wake. Siku moja ngazi za nyuma zikafungwa kwa ukarabati. Sijui nani aliagiza ukarabati huo, maana hakuna fundi aliyekuja.

Nilikuwa nyuma yake tukitoka kununua unga. Alifika pale, akasimama wima. Akaweka mikono nyuma. Akafungua mdomo. Mimi nilikuwa nikitamka naye kimoyomoyo, tukio, tukio, tukio.

Akaketi kwenye ngazi.

"Pole, mama," akasema. "Pole sana."

Yule bibi akageuza shingo. "Kwani ni wewe uliyelijenga?"

"Hapana, mama."

"Ulilipitisha?"

"Wala. Mimi ni mwokaji mikate tu."

"Sasa pole ya nini?"

"Ya mwanao, mama."

Bibi Redenta akaondoa mkono wake kwenye gurudumu. Kisha akalia. Alilia kwa sauti ambayo jengo lile halijawahi kuisikia, watu wakafungua milango ghorofa zote na kuchungulia. Hamduni alikaa naye, kama tunavyokaa kwetu kwenye mkeka wa msiba, na mimi nilisimama na mfuko wangu wa unga nikitamani kukaa, nikaogopa.

Kesho yake palikuwa na foleni mlangoni kwetu.

Walikuja waliofiwa darajani. Nyuma yao wakaja wengine: mzee aliyefukuzwa kazi bila kuambiwa kosa, mama aliyeunguliwa na duka, kijana aliyeachwa na mchumba. Walikuja kwa haya, wakitazama viatu vyao, kila mmoja akitaja lake na kusubiri. Hamduni alimshika kila mtu mkono, akamwambia pole. Wengine hawakujua la kujibu, ikabidi awafundishe: "Unasema, asante, nimeshapoa." Wakarudia kwa shida, kama watoto wanaojifunza kusoma, na wakashuka ngazi wakiwa wepesi.

"Hamduni, acha," nikamwambia jikoni. "Nakuomba kwa jina la mama, acha."

"Dada, wamebeba vitu vizito, nami naombwa kushika ncha tu. Nikatae?"

"Watakukamata."

"Kwa pole?"

"Ndiyo, kwa pole!"

Akacheka. Alidhani bado namfundisha.

Alasiri foleni ilibadilika. Niliona makoti ya kijivu na viatu vinavyong'aa, na shida zao zilikuwa za aina nyingine kabisa.

"Daraja langu limeanguka," akasema wa kwanza.

"Pole, kaka."

"Ghala langu la mahindi ya taifa limekutwa tupu," akasema wa pili.

"Pole sana. Njaa mbaya."

"Hazina yangu imetoboka," akasema wa tatu, akijifuta jicho lililokuwa kavu, "na sijui fedha imepita wapi."

"Pole, mzee wangu. Mungu atakupa nyingine."

"Nami shemeji yangu halali usingizi," akasema wa nne.

"Mpe pole, mwambie anywe maziwa."

Nilijaribu kufunga mlango. Koti moja la kijivu likaweka kiatu katikati, kwa adabu sana, na kuniambia, "Mwalimu, waache wananchi wapoe."

Walimchukua jioni ile kwa makofi. Nasema kweli, walimpigia makofi mpaka chini, na redio ikakatiza muziki kutangaza kwamba mwenye balaa amepatikana. Kiongozi Mnyoofu akatoa siku ya mapumziko. Shemeji akalala usingizi.

Kesi ilifanyika uwanja wa mpira ili kila mtu aone haki. Mheshimiwa Sawasawa ndiye aliyeyasoma mashtaka, na alianza kwa hotuba.

"Wananchi wanyoofu!" akanguruma, ile sauti laini sijui aliiacha wapi. "Mliuliza nani. Serikali yenu sikivu haikulala. Leo tunawaletea mtu mmoja aliyekiri, kwa hiari yake, bila kofi wala kiboko, kwamba daraja ni lake, ghala ni lake, hazina ni yake, na kidole cha mtumishi wa umma aliyekuwa kazini ni chake! Taifa gani jingine limewahi kupata wahalifu wake wote katika mwili mmoja? Hii ni akiba!"

Uwanja ukashangilia, ingawa si wote. Wale waliopanda ngazi zetu walikaa tu, mikono mapajani.

Nikaitwa mimi, kama mtaalamu wa maneno.

"Mwalimu, kwenu mtu akijikwaa kwenye jiwe, nani husema pole?"

"Wote waliopo, Mheshimiwa."

"Wote! Kwa hiyo wote waliliweka jiwe?"

"Hapana. Hakuna aliyeliweka. Wanasema kwa sababu wamemwona ameumia."

"Na huyo aliyejikwaa hufanya nini? Huwashtaki?"

"Huwashukuru."

Jaji akavua miwani. Nadhani alikuwa anatuonea huruma kwa njia yake. Alisema sheria ya Unyoofu si katili, inampa kila mtu nafasi ya kurekebisha msamiati. Mshtakiwa akisimama mbele ya Bibi Redenta, akaifuta pole yake na kusema maneno sahihi, atapandishwa ndege arudi kwa mama yake usiku huohuo.

Nirudishie mzima, mama alisema. Nilimtazama Hamduni, nikamwonyesha kwa macho: mikono nyuma. Neno moja, mdogo wangu. Maneno mawili.

Akaletwa mbele ya Bibi Redenta. Akaweka mikono nyuma, kama nilivyomfundisha. Akafungua mdomo, akaufunga. Yule bibi alimwona anavyohangaika, na nafikiri alitaka kumwondolea mzigo, amwonyeshe kwamba anaweza kuifuta ile pole bila kumuumiza. Akamshika shavu.

"Sema, mwanangu, usiogope," akamwambia, na sauti yake ikabebwa na vipaza sauti vya uwanja mzima. "Mimi nimeshapoa."

"Mmesikia!" akapiga kelele Mheshimiwa Sawasawa. "Mwathirika amepokea!"

Jaji akavaa miwani yake. Alisema pole ikishapokewa haifutiki tena, sheria iko wazi, na akagonga nyundo. Bibi Redenta akabaki na mkono hewani, akiuliza kila aliye karibu amesema nini kibaya.

Mimi nilikuwa nalia. Sikujua kwamba nalia mpaka Hamduni, akipitishwa karibu yangu na pingu zake, aliposimama.

"Pole, dada," akasema.

Karani akaandika: machozi ya dada, nayo ni yake.

Kila mtu alinitazama. Mheshimiwa Sawasawa alinitazama kwa tabasamu la mwajiri. Nilikuwa na maneno sahihi, niliyafundisha mimi mwenyewe, yalikuwa tayari kwenye ulimi. Mikono yangu ilikuwa imeshakwenda nyuma kwa mazoea. Nikairudisha mbele, nikamkumbatia ndugu yangu pamoja na minyororo yake.

"Pole na wewe, mdogo wangu," nikasema. "Pole sana."

Nyuma yangu nikasikia viti vikisogezwa, watu wakisimama, na pole nyingine.

Hapa nilipo sasa ni pazuri pia, sina malalamiko. Kuta ni imara kuliko daraja. Mheshimiwa amepandishwa cheo. Wanafunzi wangu karibu wote wako hapa, na wengi wa wale wa foleni, na Bibi Redenta yuko mwisho wa ukumbi, ambako husikika akikohoa. Hamduni yuko ng'ambo ya ukuta wangu. Sijamwona uso tangu siku ile, lakini akikohoa Bibi Redenta, yeye ndiye wa kwanza kusema.

Jana mlinzi wetu, kijana mnyoofu asiyewahi kututazama machoni, alikuwa anapita na ndoo ya uji. Akajikwaa. Ndoo ikamwangukia mguuni, uji wa moto ukamwagika, akauma mdomo asipige kelele.

Sauti ya Hamduni ikatangulia, kisha yangu, kisha kutoka kila mlango wa ukumbi ule, wote kwa pamoja: "Pole!"

Yule kijana akasimama pale katikati ya uji. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Kisha akasema, kwa sauti ya chini sana, "Asante. Nimeshapoa."

Leo asubuhi tumeletewa mlinzi mwingine. Yule wa jana wamemweka chumba cha mkabala na changu, na mguu wake bado umevimba.